Sinia la Tetere

Jumatatu, 4 Machi

Muuguzi wa kliniki ndiye aliyenitia katika kazi hii ya kuandika. Leo alimpima Baba uzito, akaona kilo sitini na moja, akauliza kabla ya kuugua alikuwa na ngapi. Nikamwambia sabini na tatu. Akanitazama kama vile mimi ndiye niliyezila hizo kumi na mbili. Ameniagiza nishike daftari, niandike kila anachokula Baba na kiasi gani. Nimenunua hili la kurasa mia mbili kwa kuwa dogo zaidi halikuwepo dukani, na najijua: nikipewa karatasi tupu sitaishia kwenye uji.

Kiharusi kilimpata Baba Novemba. Mguu wa kulia umerudi nusu, mkono haujarudi, na maneno huja siku yanayotaka yenyewe, moja moja. Mtu aliyepima ardhi miaka thelathini na minne, aliyegombana na wenye mashamba na mawe ya mipaka na kuwashinda wote, sasa anafungwa vifungo vya shati. Yuko kwangu tangu Januari. Mimi ni fundi wa miwani. Kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni niko kibandani nakata lenzi na kukaza skrubu ambazo ukipiga chafya umezipoteza. Mchana Baba yuko na Shangazi, dada yake, aliyekuja na begi moja akasema haondoki mpaka mdogo wake asimame sawasawa.

Uji asubuhi, kikombe kizima. Mchana wali na maharage, yote, kwa maneno ya Shangazi. Jioni supu, nusu bakuli.

Jumanne, 5 Machi

Uji. Mchana yote. Jioni vijiko vinne, akasukuma bakuli.

Ijumaa, 8 Machi

Mvua ya kwanza. Shangazi alikung'uta kitambaa cha meza dirishani, shomoro wakashukia makombo. Baba alikuwa ameinamisha kichwa, kama anavyokaa tangu Novemba. Akakiinua. Shangazi anasema aliwatazama mpaka chembe ya mwisho, na nilipofika jioni alikuwa bado amelikabili dirisha, kitambaa cha mate kimemwanguka miguuni na hana habari.

Uji. Mchana yote. Jioni kidogo.

Jumamosi, 9 Machi

Nimenunua mtama. Nyuma ya nyumba kulikuwa na sinia la bati lililotoboka. Nimelipigilia juu ya nguzo, nje ya dirisha la Baba. Nilitaka awe anawamwagia ndege mwenyewe, kwa hiyo nilipima kwa mkono wake: nilimnyoosha ule wa kushoto dirishani, pale vidole vilipofika nikatia alama, nikachimba hapo. Baba alinitazama nikipigilia misumari na nikaona uso wake wa zamani, ule wa kuona kazi ya mtu imekaa upande na kujizuia kusema.

Jumatano, 13 Machi

Leo Baba amesema "Saba."

Nilikuwa nafunga mkoba nitoke. Sinia lilikuwa limejaa: shomoro wanagombana, minana wa manjano, na tetere waliokuwa wakizunguka chini kwa hatua fupi kama wakaguzi waliokuja bila taarifa. Baba alikuwa akigonga kidole kwenye mkono wa kiti, moja, mbili, na mwishoni neno likamtoka. Nikahesabu tetere. Saba. Nilichelewa kazini na sijali.

Jumapili, 17 Machi

Kaka alipiga simu. Huwa anapiga kila Jumapili, yuko mwendo wa saa nane kwa gari, na swali lake ni moja: kilo ngapi? Nikamsimulia habari ya saba. Akasema hilo ni jema, kisha akauliza tena: kilo ngapi?

Kesho ndiyo kupima.

Jumatatu, 18 Machi

Hamsini na tisa.

Muuguzi amesoma daftari, ameona "yote, yote, yote" ya mchana, amekunja uso. Ameandika vipimo vya damu, vya sukari, vya mkojo. Mtu anayekula hivi, anasema, hapungui hivi pasipo sababu. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nikiitafuta sababu kichwani, na kila niliyoipata ilikuwa mbaya kuliko iliyotangulia.

Alhamisi, 21 Machi

Jirani yetu wa ukutani ni fundi wa majokofu. Anafuga njiwa, ana kibanda cha mbao cha ghorofa mbili kilichopakwa rangi vizuri kuliko nyumba yake. Mimi humwita Bwana Njiwa, si mbele yake. Ana uso wa mtu aliyetoka kuombwa kitu. Jioni alinisimamisha getini. Njiwa wake wanashinda kwenye sinia langu, hawarudi kwa wakati, na ndege wangu wa porini wanachafulia nguo za mkewe kambani.

"Dada, usiniharibie ndege wangu," akasema. "Ukiendelea, nitajua la kufanya."

Nikamjibu kwa upole ambao sikuwa nao. Ila maneno hayo ya mwisho nimeingia nayo ndani.

Uji. Mchana yote. Jioni vijiko vitatu.

Jumapili, 24 Machi

Mvua tangu alfajiri. Tetere mmoja alikaa kwenye sinia amejivimbisha manyoya, macho nusu. Nilipomkaribia hakuruka. Anadonoa mtama, anauangusha. Anadonoa, anauangusha. Kufika mchana alikuwa chini ya nguzo, amekufa. Nilimzika kabla Baba hajaamka kutoka usingizi wa mchana.

Simu ya Kaka. Nimemwambia vipimo bado.

Jumatano, 27 Machi

Wawili. Mmoja tetere, mmoja njiwa mweupe wa jirani. Nimewazika kwa haraka nyuma ya tangi, huyo njiwa pia, na nimenawa mikono kama mwizi.

Baba amegonga kidole asubuhi, akafika nne, akasimamisha kidole hewani. Kisha akanigeukia. Nikajifanya natafuta funguo.

Ijumaa, 29 Machi

Mmoja.

Jumamosi, 30 Machi

Nimeukagua mtama punje kwa punje, kwa kioo kile ninachokazia skrubu. Hauna ukungu. Nilinunua mwingine duka lingine hata hivyo. Kisha nikasimama ukutani nikawa nakitazama kibanda cha Bwana Njiwa. Nitajua la kufanya. Mtu akitaka kuua ndege anahitaji nini? Konzi moja ya punje zilizolowekwa dawa ya panya, na ukuta mfupi.

Nimemweleza Shangazi. Akasema nisimsingizie mtu. Lakini aliporudi jikoni nilimwona anafunga dirisha la upande ule.

Jumatatu, 1 Aprili

Hamsini na sita.

Vipimo vyote safi. Hakuna sukari, damu nzuri, mkojo mzuri. Daktari amesema turudi baada ya wiki mbili, wataangalia tumbo. Hakusema wanatafuta nini tumboni, na mimi sikuuliza, kwa sababu nilijua.

Usiku Kaka alipiga, na haikuwa Jumapili. Alisema amezungumza na mkewe, wamemwandalia Baba chumba. "Akifika hamsini na nne, nakuja kumchukua. Sikulaumu. Ila nakuja." Chumba chenyewe kiko ghorofa ya nne na dirisha lake linatazama ukuta. Nikamwambia Baba hapa anakula, mchana anamaliza sahani. Akasema: basi inakwenda wapi?

Alhamisi, 4 Aprili

Uji. Mchana yote. Jioni vijiko viwili, na kikohozi.

Tetere wawili. Mvua haikukatika.

Kuna jambo dogo linanichoma na hapa ndipo pa kuliandika. Mchana na Shangazi anamaliza sahani. Jioni nikimlisha mimi, bakuli karibu halipungui. Nampikia vile vile, nampoza vile vile. Nimekaa nikifikiri labda mkono wangu una haraka, labda ananiona nimechoka. Shangazi analeta sahani nyeupe kama iliyolambwa, anaionyesha, na mimi natabasamu na roho inaniuma.

Jumamosi, 6 Aprili

Leo nimejiaibisha.

Asubuhi walikuwa watatu chini ya nguzo, na Baba alikuwa macho. Aliniona nikiwaokota. Nikapandwa na hasira, nikawatia kwenye ndoo, nikaenda na ndoo yangu mpaka mlangoni kwa Bwana Njiwa, mvua ikininyeshea. Mkewe ndiye aliyefungua, mwenyewe akaja nyuma yake na kikombe mkononi. Nikaimwaga ndoo pale kizingitini. Nikasema yote: kwamba najua, kwamba aliniambia mwenyewe, kwamba mgonjwa hana furaha nyingine duniani na yeye ameona aitilie sumu.

Hakupandisha sauti. Aliweka kikombe chini, akachuchumaa, akamgeuza tetere mmoja kwa kidole, akamfungua mdomo akachungulia. Kisha akasema:

"Njoo uone."

Alinipeleka kibandani. Alikuwa na njiwa kumi na tisa mwezi uliopita, wamebaki tisa. Mmoja alikuwa kwenye boksi amejivimbisha, macho nusu, na mbele yake punje alizodonoa akaziangusha.

"Nilikuwa nangoja uje uniambie umewapa nini," akasema.

Sikuwa na pa kuweka uso. Njiwa wake mweupe niliyemzika nyuma ya tangi nilimtaja hapo hapo, kwa sababu nilishindwa kubeba na hilo. Akatikisa kichwa tu. Jumatatu asubuhi tutakwenda pamoja kwa daktari wa mifugo.

Jumatatu, 8 Aprili

Nimeomba ruhusa kazini. Ninaandika haya jioni.

Daktari wa mifugo ni binti mwembamba mwenye buti za mpira zinazomzidi. Tulimpelekea tetere wawili waliokufa, njiwa mmoja mgonjwa, na sinia lenyewe, kwa kuwa Bwana Njiwa alisema tuling'oe twende nalo. Alimfungua tetere mdomo, akatuwekea taa. Kooni mlikuwa na uvimbe wa njano, kama maziwa yaliyoganda, umeziba njia yote.

Si sumu, akasema. Ni vijidudu vinavyoishi kooni mwa njiwa na tetere, watu havitupati. Ndege mmoja anaidondosha punje iliyomshinda, mwingine anaiokota. Mwisho koo linafunga. "Huyu amekufa kwa njaa," akasema, "na chakula kilikuwa mbele yake."

Kisha akalikwaruza sinia kwa kisu. Chini ya maganda ya mtama kulikuwa na utando mzito, umechachuka. Akaunusa. Akauliza kwa nini ninawapa wali.

Nikasema siwapi wali. Nawapa mtama mkavu.

Akanionyesha: wali, maharage yaliyopondeka, kipande cha karoti. Kwenye mtama mkavu vijidudu hivi havikai sana, alieleza, ila kwenye chakula chenye majimaji vinaishi na kuongezeka, na mvua imesaidia. Sinia lisirudi pale, nguzo ioshwe kwa dawa, ndege watawanyike wakatafute wenyewe. Wa porini hatuwezi kuwatibu. Wa kufugwa wana dawa.

Tukatoka. Kwenye gari lake la kazi, katikati ya mabomba na mitungi ya gesi, nikamuuliza Bwana Njiwa nani angeweza kuweka wali pale.

"Mimi nilidhani mnajua," akasema. "Mzee ndiye anayemwaga. Kila mchana, hata kabla ya sinia, mke wangu humwona akianika nguo. Bibi akishaweka sahani na kwenda kufua, mzee anaigeuzia dirishani kwa mkono wa kushoto. Anakwangua na kijiko. Nikajua labda ndivyo mlivyopatana."

Jumanne, 9 Aprili

Sikwenda kazini. Sikumwambia Shangazi kitu. Alipika, akaweka sahani mbele ya Baba kwenye meza ya dirishani, akatoka na beseni la nguo. Mimi nikasimama kwenye korido, mlango umeachana kidogo.

Baba alitia kijiko kimoja mdomoni. Akatafuna. Akatafuna mpaka nikadhani amesahau. Kisha akakitema kwenye kiganja, taratibu, akafuta mdomo. Akainua sahani akageukia dirishani, akakuta nguzo tupu. Akabaki ameishika hewani. Niliona anavyofikiri. Akaishusha, akaufungua mfuko wa shati kwa vidole viwili, akaanza kuutia wali humo, kijiko kwa kijiko, kwa uangalifu, asimwage.

Niliingia. Hakushtuka, alifumba macho tu, kama mtu aliyengoja kipigo kwa muda mrefu. Nikapiga magoti, nikamtolea wali mfukoni kwa mkono. Nikamuuliza kwa nini, Baba. Nikauliza mara moja tu kisha nikanyamaza, kwa sababu neno lake nikilikimbiza halifiki.

Lilichukua muda. Midomo ilijaribu, ikaacha, ikajaribu.

"Naogopa," akasema.

Sijawahi kulisikia neno hilo kwake. Nimezaliwa, nimekua, nimezika mama naye, sijalisikia. Nikauliza anaogopa nini, akajigusa koo. Nikamletea maji kidogo kwenye kikombe. Akanitazama, akayapokea, akanywa funda moja kwa ajili yangu. Likamkaba. Alikohoa mpaka macho yakawa mekundu na mwili mzima ukamtetemeka, na nilipomshika mgongo nilihesabu mifupa yote. Uji mzito wa asubuhi unapita. Maji, wali, supu vinakwenda kusiko. Miezi yote hii alikuwa anakaa mbele ya sahani kama mtu anayesimamishwa ukingoni mwa kisima.

Shangazi alitukuta sakafuni, mimi na Baba na wali. Nilipomweleza aliketi na nguo mbichi mapajani. "Na mimi nilikuwa najisifu," akasema. "Kila siku nilikuwa naionyesha sahani najisifu." Nilikuwa nimemwandalia maneno makali. Nikamtazama miguu ilivyovimba, mama wa miaka sabini na mbili anayefua mashuka ya mdogo wake kwa mikono, nikayameza.

Nimerudia kurasa za nyuma. Yote, yote, yote. Daftari zima ni uongo na mwandiko ni wangu.

Alhamisi, 11 Aprili

Hospitali kubwa kuna mama ambaye kazi yake ni kufundisha watu kumeza. Sikujua kazi hiyo ipo. Alimkalisha Baba wima, akamfundisha kushusha kidevu kifuani kabla ya kumeza, kijiko kidogo cha chai, kitu kizito na laini, mdomo ukiwa mtupu kabla ya kijiko kingine. Maji yakorogwe na unga maalumu yawe mazito. Akikohoa, alinionya, usimrukie. Kikohozi ndicho kinachomwokoa. Ukimrukia atajifunza kuogopa kikohozi.

Nimeitikia. Nyumbani alipokohoa nilimrukia.

Jumapili, 14 Aprili

Baba ameonyesha nguzo kwa kidevu. Nilikuwa nimemwambia mvua imelitia sinia kutu. Akatikisa kichwa. Akagonga kidole kwenye kiti: moja. Akaishia hapo, akaningoja.

Huyu ni mtu aliyekuwa akiwarudisha vibarua kilomita tatu kwa sababu ya kosa la shubiri moja. Sikuweza kumpa kipimo cha uongo. Nikamweleza yote: koo za tetere, utando wa siniani, wali. Nikasema kosa ni langu, mimi ndiye niliyeiweka nguzo mahali mkono wake unapofika. Sijui kama alisikia sehemu hiyo. Aligeuza kiti kikatazama ukuta.

Jumatatu, 15 Aprili

Hamsini na nne. Kaka ameambiwa. Atakuja Jumamosi ya tarehe ishirini na saba.

Baba hajafungua mdomo tangu jana. Hata uji.

Jumanne, 16 Aprili

Hakuna. Kijiko kimoja cha uji jioni, labda. Shangazi amekaa jikoni anachambua mchele ule ule kwa mara ya pili. Nimevunja lenzi mbili kazini.

Jumatano, 17 Aprili

Bwana Njiwa amegonga mlango saa moja asubuhi na boksi. Nikadhani amekuja kudai fidia ya njiwa wake. Akanipita, akaenda mpaka kwenye kiti cha Baba, akakizungusha taratibu kikamtazama yeye. Akasema ana njiwa jike mgonjwa asiyeweza kumeza dawa mwenyewe. Lazima ashikwe, atiwe matone mara tatu kwa siku, alishwe rojo kwa bomba dogo. Yeye anashinda majumbani kwa watu, mkewe anaogopa mabawa.

"Mzee," akasema, "mkono wako mmoja unanitosha."

Nilitaka kumzuia. Nilifikiri: huyu ndege akifa mikononi mwake, itakuwaje? Lakini Baba alikuwa ameshafungua kiganja.

Alimshika njiwa akambana kifuani. Shangazi akatia matone. Njiwa akakataa, yakamtoka pembeni. Baba akamshusha kichwa kwa kidole gumba, kidogo, kidevu kifuani, akangoja. Koo likacheza. Yamepita. Na mimi niliyekuwa natazama uso wa Baba na si wa njiwa, niliona na koo lake limecheza.

Mchana, uji mzito. Vijiko vitano.

Ijumaa, 19 Aprili

Njiwa mara tatu. Baba mara tatu. Vijiko sita, saba, saba. Akohoapo naubana mkono wangu chini ya paja.

Jumatatu, 22 Aprili

Viazi vilivyopondwa, vijiko tisa. Bwana Njiwa hupitia kila jioni, hunawa, hukaa dakika kumi, humweleza Baba habari za majokofu aliyofungua siku hiyo, na panya waliomo. Uso wake ni ule ule. Nimegundua si wa kuombwa kitu. Ndivyo tu ulivyokaa.

Mvua imepungua. Nje ya ukuta majani yametoa mbegu, shomoro wanayapanda mpaka yanapinda. Tetere nimewaona wawili tu, mbali, kwenye waya. Baba hakuwahesabu.

Alhamisi, 25 Aprili

Njiwa amesimama ndani ya boksi. Vijiko kumi.

Jumamosi, 27 Aprili

Njiwa amekufa.

Nilimkuta alfajiri, amejilaza upande, mwepesi kama karatasi. Koo lilikuwa limepona. Nadhani mwili wenyewe ulikuwa umeisha. Nilisimama na boksi sijui nilipeleke wapi. Leo, kati ya siku zote. Nikafikiria kukimbilia kwa Bwana Njiwa aniazime mwingine wa rangi ile ile. Nilifika hadi mlangoni kweli. Nilipogeuka, Baba alikuwa amekaa kitandani ananitazama, na akanyoosha mkono apewe.

Alimweka mapajani akamlaza bawa lililopinda, akalikunja vizuri. Alikaa naye hadi jua lilipotoka, kisha akamfunga kwa kitambaa chake mwenyewe, kile cha mdomo, kwa mkono mmoja, na hakutaka nimsaidie fundo. Bwana Njiwa akaja kumchukua. Walishikana mikono.

Kaka alifika saa tano. Alikuwa ameendesha tangu usiku wa manane, macho yamemwingia ndani. Alimkumbatia Baba na nikaona vidole vyake vikimpapasa mbavu, vinahesabu. Shangazi alikuwa amefungasha begi la Baba tangu jana kwa kuwa aliambiwa afungashe. Kaka akalipeleka garini kabla hata hajanywa maji. Kisha akaniita nje. Nikamweleza kumeza, kidevu, vijiko, habari yote. Akasema amenielewa, ila leo asubuhi ndege huyo amekufa, sivyo? Na mwenyewe nimemwambia mara ya mwisho alivyofanya alipopata habari za kifo. Kwa hiyo leo hatakula, na kesho hatakula. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeogopa kama mimi, na hilo ndilo lililonimaliza nguvu.

Tuliporudi ndani Baba alikuwa amejikokota mpaka mezani. Peke yake, kutoka kitandani, hatua labda kumi na mbili. Alikuwa ameketi wima, mkono wa kulia ameupanga mapajani kama kitu cha mtu mwingine alichopewa kukitunza.

"Lete," akasema.

Shangazi akaleta viazi. Kaka akakaa mbele yake, mimi pembeni. Kijiko cha kwanza alikishika mwenyewe. Kidevu chini, kimya, kikapita. Cha pili. Cha tatu. Kaka alikuwa hajapepesa macho. Cha sita kikamkaba. Alikohoa kile kikohozi chenyewe, cha mwili mzima, uso ukawa mwekundu, na mimi nilikuwa tayari nimenyanyuka, kiti kimeanguka nyuma yangu.

Baba akainua kijiko hewani kunizuia.

Nikasimama pale pale. Alikohoa, akapumua, akakohoa tena. Akangoja mpaka mdomo ukawa mtupu. Kisha akakielekeza kijiko kwenye kiti changu, kama alivyokuwa akiwaonyesha vibarua pa kusimama, na akangoja mpaka nikakiokota, nikakaa.

Akachota cha saba.

Alipofika cha kumi na moja Kaka aliinuka akatoka. Nilisikia mlango wa gari. Akarudi na begi, akaliweka chumbani kwa Baba, akaja akakaa tena mahali pake, akamsogezea bakuli.